Doti Niliyovaa Mikindani

Kitangari, Newala
22 Agosti 2024

Mama yangu mkubwa mpendwa,

Shikamoo mama. Nakuandikia nikiwa jikoni kwangu (bado naona raha kuandika hivyo, jikoni kwangu) nasubiri kisamvu kilainike. Natumaini magoti yanakuruhusu kufika kanisani, na Cuthbert ameshamaliza kupuliza salfa kwenye mikorosho. Mtoto wake Huruma mwambie shangazi yake anamkumbuka na asiharibu viatu vya harusi.

Sisi huku ni wazima. Maji ya bomba yalitoka siku moja yakakata, lakini tanki la mvua lina kiasi, na mama mkwe anatugawia kwa kikombe kama muuguzi anavyogawa dawa. Ulisema nisikupigie simu kwa mambo ya nyumbani, maana wajukuu wanaweka sauti ya juu na Chiwata nzima inasikia. Basi nitaandika, na Oscar katekista atakuwa tarishi wetu, kila akija Masasi kwenye vikao.

Mama mkubwa, mimi nina furaha mpaka naogopa. Hakuna mtu aliyeniambia kwamba ndoa ni hivi. Fortunatus akifungua duka lake la pembejeo asubuhi anarudi mara mbili, mara kasahau kalamu, mara kasahau kufuli, na mimi najua hajasahau chochote. Ananuka salfa na mimi nimeipenda hata hiyo salfa.

Sasa sikia jambo kubwa. Wiki iliyopita alitupeleka Mikindani, familia yote: mimi, mama mkwe Maria, na wifi yangu Ziada. Alikodi Noah ya Mussa, dereva wa hapa kwetu, tukaondoka Jumamosi, tukapita Tandahimba na Nanyamba, tukalala huko na kurudi Jumapili. Mama mkwe alikuwa hajaiona bahari maisha yake yote. Alibeba dumu lake, maana majirani wamemwagiza maji ya chumvi ya kukandia miguu.

Mji wenyewe ni wa zamani sana, nyumba za mawe, milango ya kuchongwa, nyingine zimebaki kuta tupu na miti imeota ndani. Juu ya kilima kuna boma la Wajerumani ambalo sasa ni hoteli. Tulikunywa soda kule kama wazungu. Kuna jengo wanaloliita soko la watumwa. Mama mkwe hakuingia. Alisimama nje na dumu lake, akasema watu wa kwao walishukishwa huku kutoka juu na hakuna aliyerudi kusimulia. Fortunatus akamtania kwamba yeye atarudi kusimulia mpaka tuchoke.

Jumapili, baada ya ibada, tulikuta bahari imeondoka. Kweli mama, imeondoka, imeacha uwanja wa mchanga na tope mpaka mbali. Fortunatus akasema, "Maji haya ni kama ya bomba letu. Yamekatika mpaka wiki ijayo." Mama mkwe alicheka mpaka akashika mbavu. Tukatembea mpaka kwenye kilima cha mchanga katikati, tukala wali pale, mimi nimevaa lile gauni jeupe na doti nyekundu uliyonipa, kipande kimoja kiunoni na kingine nimejitanda kwa ajili ya jua. Ziada alikuwa ameshachoka karudi garini kwa Mussa.

Mara tunageuka, maji yamepita nyuma yetu, kati yetu na nchi kavu. Fortunatus akainama, akaniambia panda. Mama mkubwa, alinibeba mgongoni, maji kiunoni, mbele ya vijana wote wa Mikindani! Nilicheka mpaka nikakosa pumzi. Nikiwa bibi kizee nitawasimulia wajukuu zangu kwamba kuna mwanamume alinivusha bahari.

Mama mkwe amerudi na kikohozi kidogo, hewa ya pwani hajaizoea.

Kisamvu kinaungua. Nakupenda.

Mwanao,
Loveness


Chiwata, Masasi
15 Septemba 2024

Mwanangu Loveness,

Marahaba. Barua yako Oscar alikaa nayo siku nyingi mfukoni, imefika imekunjamana kama tambi. Sisi tuko salama. Mikorosho imetoa maua mengi, lakini ukungu unatutishia asubuhi. Huruma ameharibu viatu. Goti la kulia ni lilelile, la kushoto limeamua kumuiga mwenzake.

Nimefurahi kwamba una furaha. Mama yako mzazi angekuwa hai angeisoma barua hiyo kwa sauti sokoni Lisekese, unajua alivyokuwa. Mimi nimeisoma peke yangu, mara mbili.

Nakuuliza jambo moja, na usilizungushe. Unasema mlikuwa watatu kwenye kile kilima cha mchanga. Unasema maji yaliwazunguka, na mumeo akakubeba. Mama mkwe wako alivukaje?

Kikohozi chake kinaendeleaje? Mpikie uji wa mtama, umtilie limao.

Nisalimie shemeji yake Cuthbert, huyo mumeo. Mwambie sisi wa Masasi tunacheka kwamba Mmakonde alikwenda kuitafuta bahari akakuta imekatika.

Mama yako mkubwa,
Julia


Kitangari
29 Septemba 2024

Mama mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Pole na magoti yote mawili. Hapa joto limeanza, na tanki limebaki matope chini, kwa hiyo nateremka bondeni na wanawake wenzangu alfajiri. Nimekonda kidogo. Fortunatus anasema nimezidi kupendeza.

Amenijengea rafu ya vyombo kwa mikono yake, ameipaka rangi ya bluu kwa sababu nilisema siku moja, kwa kupita tu, kwamba napenda bluu. Yaani anasikiliza. Wanawake bondeni wanalalamika kuhusu waume zao na mimi nakaa kimya kwa sababu sina la kuchangia. Wameniita Bibi Harusi wa Milele.

Umeuliza mama mkwe alivukaje. Alivuka. Fortunatus alirudi kumfuata, na kuna kina mama waliokuwa wakiokota chaza wakasaidia. Dumu lilipotea tu.

Sasa yuko Newala mjini kwa kaka yake, Mjomba Marko, kupumzika. Ni karibu na hospitali, kwa hiyo ni bora zaidi. Uji nilimpikia kama ulivyosema. Alisema ameshiba. Siku iliyofuata nikampikia tena, akasema ameshiba. Labda ni dawa zinamtoa hamu. Fortunatus anakwenda kumwona kila akifunga duka, anasema wanazungumza vizuri. Ziada ndiye aliyeniambia kwamba wanamwekea kiti uani na mama haoneshi uso, lakini Ziada unajua anavyopenda kuongeza chumvi.

Mimi Mjomba Marko aliniambia kwa upole kwamba nisisumbuke kwenda kwanza.

Nimeanza kushona vitambaa vya mito. Kimoja nimeandika L na F.

Mwanao akupendaye,
Loveness


Chiwata
20 Oktoba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Korosho zimeanza kudondoka na Cuthbert ameajiri waokotaji. Mvua bado. Nimechelewa kukujibu, na sababu si Oscar.

Mjomba Marko alikuja hapa. Alikuja mwezi wa tisa, kabla hata sijaipata barua yako ya pili. Sikukuambia. Nilitaka uniambie mwenyewe, nikangoja, na ulichoniletea ni rafu ya bluu.

Alikuja kwa heshima. Alivua kofia, akaketi pale alipoketi siku ya posa, akaulizia afya ya kila mtu mpaka mbuzi. Kisha akasema dada yake, aliyekwenda baharini akiwa mzima, alitolewa majini na wanawake asiowajua. Mwanawe alikuwa amemshika mkono, maji yakamwangusha, mkono ukaponyoka. Maji yakamvua nguo. Akatoka mbele ya mwanawe wa kumzaa, aliyekwisha kuingia jandoni, na mwilini hana kitu.

Kubebwa kwako hakukumuudhi, Loveness. Marko alisema hilo wazi. Mke wa mtu akibebwa na mumewe ni sawa. Jambo ni moja tu. Ulikuwa umesimama nchi kavu, karibu yake kuliko mtu mwingine yeyote, na umevaa doti nzima. Aliyemfunika ni mwokota chaza, aliyevua kanga yake mwenyewe akabaki na gauni la matope.

Wewe mwenyewe uliniandikia. Kipande kimoja kiunoni, kingine umejitanda. Nilisoma maneno yale mara mbili, na nikajua barua ina shimo.

Ulipochezwa unyago ukatolewa ndani, siku zile za likizo ya shule, tulikufundisha kwa haraka. Nakiri wiki moja haitoshi, somo, yule kungwi wako, alilalamika. Lakini jambo la mkwe tulilianza nalo na tukalimalizia nalo. Wimbo unasema, kwa mkwe wako umekuwa nguo yake. Uliimba mwenyewe.

Sasa Marko ni mjomba wa mumeo na neno lake ndilo litakalosimama. Amesema hivi: dada yake akikuachilia, ndoa inaendelea na hatalitaja tena. Asipokuachilia, watakurudisha kwa utaratibu, bila kelele.

Basi utakwenda. Utakwenda bila kuitwa. Utapiga magoti, utampa maji ya kunywa kwenye kikombe chake mwenyewe, utasema ulichokosa, kwa jina lake, bila kuzungusha. Atachukua funda moja. Akiyapuliza chini mbele yako, amekuachilia, na hata akifa kesho huna deni naye. Akiyameza, jambo amelihifadhi tumboni mwake, na hakuna mwingine wa kulitoa.

Maji yawe safi. Yateke mwenyewe.

Julia


Kitangari
3 Novemba 2024

Mama mkubwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa dukani na wateja, nikaingia nyuma kwenye magunia ya salfa. Fortunatus akadhani imenipalia.

Kwa nini ulikaa na jambo hilo muda wote huo? Nilikuwa nakuandikia habari za mito na wewe unajua.

Hujui ilivyokuwa. Hakuna mtu aliyejua kwamba maji yanarudi. Sisi huku ndio tunaoyafuata maji, hayajawahi kutufuata. Fortunatus alimwambia mama yake apande kwanza. Hilo Mjomba Marko hakulisema, au alilisema? Mama alikataa. Alisema, "Nimekupeleka jandoni, leo nikupande mgongoni? Mbebe mkeo, mimi nitatembea." Na alisema anacheka, mama mkubwa, wote tulikuwa tunacheka, maji yalikuwa magotini bado. Tulipofika katikati yakawa kiunoni. Hayo nilikuandikia. Fortunatus aliporudi kumfuata yalikuwa kifuani.

Mimi nilikuwa nimetoa simu ili nimpige picha akirudi. Nilitaka picha yake yuko majini, anakuja kwangu.

Halafu mama akaanguka. Wale wanawake walikimbia na mimi nilisimama. Walipomtoa, aliinama hivi, amejikumbatia, maji yanamtoka puani, na Fortunatus aligeuka akatazama mikoko. Niliona kila kitu. Nilijua kabisa nina nini mabegani. Lakini gauni langu lilikuwa limelowa, jeupe, limenishika mwili wote, na vijana wamejaa pale wanatazama. Nikafikiri nikiivua hii wataniona. Nilifikiri hivyo kwa muda mdogo kiasi cha kumeza mate. Nilipoinua mkono kuifungua, yule mama wa chaza alikuwa ameshamfunika.

Mama aliniangalia. Hakuangalia uso wangu. Aliangalia kanga.

Njia nzima ya kurudi alikaa nyuma na ile kanga ya watu, inanuka samaki, na mimi nilimwambia mara tatu, mama chukua hii yangu ni kavu sasa. Alisema hana baridi.

Kwa hiyo usiniambie niliimba. Najua niliimba.

Nitakwenda. Lakini sasa ni msimu wa mnada na duka limejaa, Fortunatus ananihitaji, na wanasema mama ana nafuu. Nitakwenda korosho zikiisha. Atakuwa na nguvu na hasira zitakuwa zimepoa. Fortunatus bado ananipenda, mama mkubwa. Jana alirudi kuchukua kalamu.

Loveness


Chiwata
10 Novemba 2024

Loveness,

Barua hii nimemwambia Oscar asilale nayo, aipeleke kwa pikipiki.

Nilikaa na jambo lile kwa sababu nililia siku ile Marko alipoondoka, na sikujua jinsi ya kukuandikia bila wewe kuona machozi kwenye karatasi. Basi. Umeuliza, nimejibu.

Usingoje mnada. Ziada alimpigia Cuthbert. Hiyo nafuu wanayokuambia ni ya kukutuliza. Mapafu yamejaa, hospitali wamewaruhusu wamrudishe nyumbani, na wewe una akili ya kujua maana ya kuruhusiwa namna hiyo.

Ningekuja mimi nikapiga magoti mahali pako, na hata haya magoti mawili mabovu ningeyakunja. Hairuhusiwi. Mtu haombewi maji.

Ukiwa mbele yake usilie kabla yake. Usimtaje mumeo. Usiseme hukujua kuhusu bahari. Sema kanga.

Nenda leo.

Julia


Kitangari
8 Desemba 2024

Mama mkubwa,

Shikamoo. Asante kwa unga na kuku uliowatuma na Cuthbert kwenye msiba. Asante kwamba yeye alikaa upande wa wanaume mpaka mwisho, ingawa hakuna aliyemzungumzisha sana. Mvua imeanza. Tanki limejaa na linamwagika, na nimeweka ndoo chini yake kwa mazoea.

Ulimtuma Cuthbert aniulize ilikuwaje, na sikuweza kumwambia.

Barua yako ilifika Jumanne. Kesho yake niliteremka bondeni alfajiri, nikateka, nikachuja kwa kitambaa mara mbili. Fortunatus alinipeleka Newala kwa pikipiki, maji nimeyapakata. Mjomba Marko alinipokea vizuri, akanionesha mlango, yeye na Fortunatus wakabaki nje kama inavyotakiwa.

Alikuwa amelala kwenye mkeka, amekuwa mdogo kama mtoto wa darasa la nne. Ziada alimwinua akamwegemeza kifuani kwake. Nilipiga magoti. Nilisema, "Mama Maria, siku ile nilikuwa na kanga mbili na sikukufunika." Sikusema kitu kingine. Sikulia, nilifanya ulivyosema.

Nilimpa kikombe kwa mikono miwili. Alikipokea. Alichukua funda, akakaa nalo, mashavu yamejaa, ananitazama. Safari hii alinitazama usoni. Nilikuwa nimefungua viganja magotini. Nilisikia Ziada anasema taratibu, mama, mama. Akakaa nalo muda mrefu, mpaka nikafikiri amesahau.

Kisha nikaona koo lake linapanda, linashuka.

Ziada alisema nje kwa mjomba wake kwamba mama alikuwa na kiu, kwamba tangu asubuhi hakunywa, kwamba tumjaribu tena. Mjomba Marko alijibu kwamba maji hayaombwi mara mbili. Sijui mama mkubwa. Kila siku nalifikiria koo lile. Labda ni kiu kweli. Ninyi mlinifundisha maana yake lakini hamkunifundisha namna ya kujua.

Alifariki Ijumaa. Walipokuwa wanamwosha, mimi niliwekwa na wanaotwanga. Nikampa Ziada ile doti, nikamwomba amfunike nayo ndani, chini ya sanda, mahali ambapo hakuna atakayeona. Alikaa nayo ndani kidogo. Akatoka, akanirudishia. Alikuwa anakunja macho kama mtu anayetazama jua. Ilikuwa imekunjwa vilevile nilivyoikunja mimi.

Baada ya siku za msiba Mjomba Marko alituita. Hakupandisha sauti. Fortunatus alikaa ameinamisha kichwa, na alipoulizwa kama ana neno, alisema, "Mjomba ameshasema." Nilingoja aongeze. Unajua nilivyo, niliendelea kungoja mpaka watu wakaanza kusimama. Tangu hapo analala kwa mjomba wake. Asubuhi anafungua duka na hasahau kitu.

Wamesema nirudi kabla ya Krismasi. Nitakuja na basi la Alhamisi, Cuthbert anisubiri stendi ya Masasi, mizigo si mingi. Rafu nimeiacha ukutani. Vitambaa vya mito nimeviacha.

Doti nimeifunga chini kabisa ya sanduku, kwenye karatasi. Vipande vyote viwili vipo.

Loveness